Chuo cha Kamba

Mbele ya duka la fundi cherehani, upande ambao jua la asubuhi huchelewa kufika, lipo benchi la mbao lenye mguu mmoja uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Benchi ni la Fundi, lakini mwenyewe halikalii. Yeye hukaa mlangoni nyuma ya cherehani yake, mguu kwenye pedali, akisikiliza. Wanaolikalia ni wale wale. Yupo Dalali, anayetafutia watu vyumba vya kupanga, na kila jambo la dunia huliona kama chumba kinachovuja. Yupo Mstaafu, aliyekaa ofisi ya serikali hadi nywele zikamwisha, na mpaka leo huchomeka shati na kupachika kalamu mfukoni ingawa hana cha kuandika. Yupo Profesa, mtengeneza simu, ambaye aliwahi kuingia chuo kikuu akatoka mwaka haujaisha, na sababu ya kutoka hubadilika kila anapoulizwa. Na yupo Birika, muuza kahawa, ambaye kahawa yake ikiisha baraza huvunjika. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya uzio wa mabati, linajengwa ghorofa, na juu yake imesimama kreni ya manjano. Mwisho wa benchi, panapoitazama kreni hiyo, hapakaliwi na mtu. Hakuna aliyetoa amri. Ni kwamba hapo alikuwa akikaa mwana wa Fundi, mwashi, akinywa kahawa yake kabla ya kengele ya kazi. Siku kamba ya kreni ilipokatika na mzigo wa nondo ukashuka, yeye alikuwa chini. Mungu amrehemu.

Asubuhi hiyo Fundi alikuwa ametoka kusali na dua ilikuwa moja tu, aonyeshwe jibu. Alikosea kidogo njiani: alimweleza Birika. Kumweleza Birika ni sawa na kulisimulia benchi zima, tena kwa sukari.

— Fundi, umeamkaje? akaanza Dalali.

— Nashukuru Mungu.

— Na Spana yuko wapi?

Spana ni binti yake, kitinda mimba. Jina alibandikwa hapo hapo kijiweni, siku cherehani ya baba yake ilipogoma. Aliifungua yote, akaipanga vipande juu ya shuka, akairudishia ikashona, na kikabaki kipande kimoja ambacho hadi leo hakuna ajuaye kilikuwa na kazi gani.

— Amekwenda kumwamkia shangazi yake. Anarudi sasa hivi.

— Na akirudi unampa jibu?

— Nimemwahidi kabla ya adhuhuri.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Spana amepata nafasi mbili za kusomea uhandisi. Ya kwanza ni chuo kikuu, kile chenye geti la chuma na bustani, ambacho jina lake likitajwa harusini watu hugeuka. Ya pili ni chuo kidogo ambacho kinafundisha jambo moja tu: mitambo ya kunyanyulia mizigo. Kreni, winchi, lifti, basi. Wanafunzi wake wote wanaenea darasa moja, na asiyesema ndiyo leo nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Binti anakitaka hicho kidogo. Lakini amesema, "Baba, ukisema nisiende, siendi, wala sitakuuliza tena." Maneno hayo ndiyo yaliyomnyima Fundi usingizi. Angepiga kelele, angelia, ingekuwa rahisi kumkatalia.

Mkewe yeye alikwisha kusema lake. Tangu msiba hapiti barabara hii. Akija dukani huzunguka nyuma kwenye uchochoro wa maji machafu, ili asiione ile kreni. Jana usiku alikunja nguo, akazikunjua, akazikunja tena, kisha akasema, "Mmoja alitosha." Akazima taa.

— Haya, tukae kikao, akasema Dalali akijisogeza. Hicho chuo kina geti?

— Anasema kina mlango, akajibu Fundi.

— Mlango wa nini?

— Wa bati.

— Kiko wapi?

— Nyuma ya ghala la mbao.

Dalali akapiga paja lake.

— Nyuma ya ghala! Fundi, mimi hii ndiyo kazi yangu. Kitu kizuri hakiwekwi nyuma. Ukiona nyumba iko nyuma ya kitu, jua ina kasoro ya mbele.

— Wewe mwenyewe unakaa nyuma ya machinjio, akasema Profesa.

— Ndiyo maana najua!

Birika akacheka mpaka jiko likayumba. Akammiminia Dalali kikombe, kama kumtunza.

Mstaafu akakohoa. Kikohozi chake ni cha ofisini, cha mtu anayetaka waliosimama wakae.

— Ninyi mnazungumza mambo ya mabati. Swali ni hili: nani amesoma hapo akawa mtu mkubwa? Chuo kikuu mtoto anakaa meza moja na watoto wa wakubwa. Anamwazima mmoja kalamu. Kesho yule ni waziri. Binti yako anainua simu, anasema, "Mheshimiwa, mimi ni yule wa kalamu."

— Na wewe uliwaazima wangapi? akauliza Profesa.

— Wengi.

— Wakipigiwa wanashika?

— Namba ninazo, akasema Mstaafu taratibu. Kushika ni hiari ya mtu. Lakini wahenga walisema...

— Walisema mengi, Mstaafu, akasema Birika. Kunywa, inapoa.

Fundi alitia uzi kwenye sindano. Alikuwa akipindua kola ya shati la mteja, kola iliyolika upande wa shingo, ili upande mzima uje juu. Juu ya kichwa chake, kwenye msumari, lilining'inia shati jingine, jeupe, la pamba, lenye mkono mmoja tu. Wateja wageni huliulizia. Yeye hujibu si la kuuza. Mkono wa pili aliukata na kuuweka tayari kuushona jioni ile ile waliyomletea habari ya mwanawe, na mpaka leo umekunjwa mfukoni mwa shati hilo. Hajaushona, na hajaweza kulishusha.

— Mimi niwaambie kitu ambacho hamkijui, akasema Profesa, na wote wakajua sasa ndiyo imeanza. Anayesomea kitu kimoja amefungwa. Ni kama simu ya laini moja: mtandao ukikatika, umekatika na wewe. Kreni zenyewe zinakwisha. Miaka ijayo majengo yatachapishwa, kama karatasi. Unabonyeza, ghorofa inatoka na madirisha yake.

— Na wapangaji humo ndani? akauliza Dalali.

— Usinichekeshe. Huyo binti atamaliza masomo akute kreni ziko makumbusho. Ataajiriwa kuzifuta vumbi.

— Si hivyo, akasema Dalali, ambaye hapendi kuzidiwa. Mimi nimeelewa sasa. Hicho chuo ni cha kampuni. Lazima. Wanachukua watoto wachache, wanawafungia nyuma ya ghala, wanawafundisha kitu kimoja ili wasijue kingine. Unampeleka mtoto, wanakurudishia spea. Hata akitaka kuacha kazi, aende wapi? Dunia nzima anajua ndoano tu!

— Mbona umefika karibu halafu ukageuka? akasema Mstaafu. Alishusha sauti kana kwamba kreni inasikia. Mimi nimekaa serikalini. Nijuavyo, penye jengo kubwa hutafutwa mtu wa kulaumiwa mapema, kabla ya saruji. Jengo likianguka, kreni ikiangusha, watu watauliza yuko wapi mhandisi. Basi chuo hicho kazi yake ni hiyo. Kinatoa watu wa kufungwa. Wachache, wanaojulikana, wamepangwa darasa moja. Fundi, hutakuwa umempeleka shule. Umempeleka kwenye foleni.

Mguu wa Fundi ukasimama kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza.

— Sikusema kwa ubaya, akasema Mstaafu.

— Najua, kaka.

Akakanyaga tena. Lakini alikuwa anafikiria alichosimuliwa na binti juzi, aliporudi kutoka kukitembelea chuo hicho. Alikuja na mafuta meusi kwenye viganja na hakutaka kunawa kabla ya kueleza.

— Spana aliwakuta wakifanya kazi, akasema Fundi polepole, bila kuinua macho. Mkuu wa chuo mwenyewe alivaa ovaroli. Hawakumwonyesha vitabu kwanza. Walimpa kitambaa.

— Kitambaa?

— Kitambaa cha pamba, kama hivi vyangu. Kamba ya kreni ni ya nyaya nyingi zilizosokotwa pamoja. Nyaya zinaanza kukatika moja moja, na jicho halizioni. Basi unaizungushia kamba kitambaa, unakishika kwa mkono mlegevu, unatembea nacho toka mwanzo hadi mwisho. Mahali uzi wa chuma umekatika, kitambaa kinanasa. Unasimama. Unatia alama. Mwanafunzi anakaa wiki za mwanzo anafanya hilo tu, mpaka mkono ujue.

Kwa Fundi hayo yalikuwa maneno mengi ya asubuhi moja. Hakusema lililobaki. Binti alipofika kwenye kunasa, alishika ukingo wa meza akasema, "Baba, kinanasa kabisa. Hata mtoto angejua."

Dalali alijaribu kujizuia, akashindwa.

— Yaani mtoto afaulu hesabu zote zile, aende chuo akapige deki kamba?

— Chuo cha Kamba! akasema Profesa. Shahada ya Kitambaa!

— Akihitimu anavishwa joho au tambara? akaongeza Dalali.

Wakacheka wote, hata Birika, hata Mstaafu kwa mabega tu. Fundi hakukasirika. Aliwajua. Hawa ndio waliobeba jeneza. Dalali ndiye aliyeshuka kaburini kupokea mwili, na suruali aliyovaa siku ile hajaivaa tena. Kwao, kunyamaza mbele ya ile kreni ni kitu kisichowezekana, ndiyo maana wanapiga kelele kila siku.

Kicheko hakijaisha, akaja mtu wasiyemjua. Si kijana, si mzee. Alivaa viatu vya kazi ambavyo ngozi yake haijapata mkunjo, na alishika mfuko wenye chakula kilichofungwa. Akasalimu vizuri, wakamwitikia. Kisha akatazama pa kukaa, akaona nafasi mwisho wa benchi, akaketi.

Mkono wa Birika ukabaki hewani na birika lake. Wote wakamtazama Fundi.

— Mpe mgeni kahawa, akasema Fundi.

Birika akamimina. Mtu yule akapokea kwa mikono miwili, akapuliza, akanywa, huku akitazama juu, kule kila mtu akaaye hapo lazima atazame.

— Umehamia mtaani? akauliza Dalali. Kama unatafuta chumba...

— Hapana, ninako kwangu. Naanza kazi leo hapo ng'ambo.

— Kazi gani?

— Kufunga mizigo. Nakaa chini, nafunga nondo kwenye ndoano, nanyoosha mkono hivi, inapanda. Nimeambiwa wa kabla yangu aliacha.

— Aliacha, akasema Mstaafu. Ndiyo. Aliacha.

Hakuna aliyeuliza ni yupi aliyeacha, maana baada ya msiba wameacha wengi. Mtu yule akanywa funda jingine. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kuhamia.

— Samahani, wakubwa zangu. Ninyi naona mnakaa hapa kila siku.

— Tangu hilo jengo halina hata msingi, akasema Profesa kwa fahari.

— Basi nisaidieni. Ile kamba, hukaguliwa na nani?

Barabarani ilipita toroli ya maji. Magurudumu yake yalisikika mpaka ikakata kona.

— Kuna watu, akasema Dalali.

— Watu gani?

— Watu wao. Huja.

— Mmewaona?

Dalali akamgeukia Mstaafu.

— Kuna ofisi, akasema Mstaafu. Ofisi inayohusika.

— Ipi hiyo?

Mstaafu akagusa kalamu yake mfukoni, akaiacha.

— Siku hizi ni kompyuta, akasema Profesa. Ina... kitu humo ndani. Ikiwa mbaya inalia.

— Iliwahi kulia?

Profesa akainama kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

— Sibishani nanyi, akasema mtu yule kwa upole. Nauliza tu, maana mimi ndiye nitakayekuwa chini.

Kengele ikagongwa nyuma ya mabati. Akamaliza kikombe, akamrudishia Birika, akashukuru. Aliposimama alipangusa kwa kiganja mahali alipokaa, kama mtu aliyefunzwa adabu, akavuka barabara na mfuko wake. Geti likafunguka, likamfungia ndani.

Fundi alimtazama mpaka mwisho. Siku ya mazishi kila mkono alioushika ulimwambia siku ya kijana ilifika, naye kila mara alijibu, "Ni kweli." Bado alisema ni kweli. Siku huandikwa na Mungu, hilo hakulitilia shaka wakati wowote, si mchana wala usiku. Lakini alikuwa amelifunika swali lote la ile kamba kwa imani yake, kama mtu anayefunika chungu ambacho hajatazama ndani. Mungu ameandika siku. Hakuandika kwamba kamba isipitishwe kitambaa.

Spana akatokea upande wa soko, anatembea haraka, mtandio umemshuka mabegani. Alipoliona benchi halisemi kitu akapunguza mwendo.

— Shikamooni. Kuna nini?

— Marahaba, mama, akasema Mstaafu. Hakuna kitu. Nenda kwa baba yako.

Akaja akasimama mbele ya cherehani, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama akiwa mdogo akitaka kuomba ruhusa ya kwenda kucheza.

— Baba, shangazi anakusalimu.

— Nimepokea. Hebu niambie. Kile kitambaa walichokupa, kilikuwa cha namna gani?

— Pamba. Nailoni inateleza, hainasi.

— Kizito?

— Hapana. Kama cha shati.

Fundi akainuka. Akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, akalishusha lile shati jeupe kutoka kwenye msumari. Lilikuwa na mstari wa vumbi mabegani. Akalikung'uta, akatoa mfukoni ule mkono uliokunjwa, akavitandaza vyote juu ya meza ya kukatia.

— Fundi, akasema Dalali. Fundi, matambara yako mengi humo ndani.

— Hayo ni mchanganyiko. Hili ni pamba tupu. Nililichagua mwenyewe.

Akachukua mkasi mkubwa. Akasema bismillahi, kama asemavyo kila anapoanza kukata, akaanza kwenye mshono wa bega. Mkasi ulikuwa mkali na kitambaa kilikuwa kizuri, kwa hiyo haukufanya sauti kubwa. Alikata vipande sawasawa, akavikunja kimoja kimoja, akavipanga. Mgongo, kifua, kisha mkono ulioshonwa, kisha ule ambao haukushonwa. Kola akaiacha, kola ina kitambaa kigumu ndani, haifai. Akamkabidhi binti fungu lote.

Spana alilipokea akaliweka kifuani. Alijua ni shati gani.

— Na mama?

— Mama nitakaa naye mimi. Wewe nenda, wasije wakafunga mlango wao wa bati.

— Sawa, baba.

— Unasoma muda gani hapo, mpaka uruhusiwe kusema kamba hii haifai, na wakakusikia?

— Miaka mitatu.

Fundi akaitikia kwa kichwa. Ng'ambo, kreni ilianza kunguruma. Ndoano ikainuka juu ya mabati na fungu la nondo likiyumba chini yake, na kwenye pengo la uzio ulionekana mkono wa mtu umenyooshwa juu, unaashiria panda. Benchi zima likatazama. Mzigo ukaenda, ukaenda, ukatua juu ya ghorofa. Ndoano ikarudi chini kuchukua mwingine.

— Miaka mitatu, akasema Birika peke yake. Akainamisha birika juu ya kikombe cha Dalali. Likatoa tone na machicha.

Spana akabusu mkono wa baba yake, akaondoka kuelekea kituoni, fungu kifuani. Hakuna aliyesema Chuo cha Kamba.

Fundi alikuwa amebakiza kipande kimoja. Akakitazama pande zote mbili, akakiviringisha kwenye kiganja chake cha kulia. Akaifunika cherehani, jambo ambalo hafanyi mchana. Kisha akatoka mlangoni, akapita mbele ya benchi, akavuka barabara. Mstaafu alinyanyuka nusu, akakaa tena. Halafu akanyanyuka kabisa, akamfuata.

Pale getini Fundi akagonga bati kwa kiganja.

— Hodi!

Ndani nondo zilikuwa zikishushwa, zikaimeza sauti yake. Akagonga tena.